Sindano Kumi Zilizopakwa Dhahabu

Karatasi niliijaza mimi, kwa hiyo nianze na kosa langu.

Nafanya kazi ya uwakala wa forodha Tunduma. Ofisi yetu ina meza tatu na dirisha linalotazama foleni ya malori. Wenzangu wakipata mzigo wenye vitu vidogo vidogo huandika "vipuri" na kusonga mbele. Mimi siwezi. Kabla ya kazi hii nilikuwa nikituma habari redioni, na huko nilizoea kukitaja kitu kwa jina lake, idadi yake na hali yake. Jumatatu moja mwanamke mmoja aliingia ofisini akitokea upande wa Zambia, ana sanduku la mashine na orodha ya mistari kumi na minne. Niliiingiza orodha yote kama ilivyo. Mstari wa tisa ulisema: sindano za hadubini, kumi, zimepakwa dhahabu mgongoni.

Mgeni angesamehewa. Mimi nimekulia Mbangala, ambako wajomba zangu walichimba, na nilijua neno dhahabu linafanya nini kwenye karatasi ya mpakani. Kibaya zaidi, mzigo ulikuwa unaingia. Dhahabu ya mkoa wetu watu huihofia inapotoka. Inayoingia, hakuna aliyewahi kuiona.

Saa tano tuliitwa kwenye banda la ukaguzi. Afisa aliyekuwa zamu ni mtu mtulivu, anayesoma kila kitu mara mbili. Alikuwa amefungua sanduku na kuizunguka mashine, kitu kizito cha chuma chenye ukubwa wa birika la shughuli.

"Dada, hii ni hadubini?"

"Ndiyo, kiongozi."

"Lenzi ya kuchungulia iko wapi?"

"Haina. Hii haichungulii, inapapasa."

Vijana wa kupakua mizigo wakacheka. Afisa hakucheka.

"Inapapasa nini?"

Mwanamke yule alieleza kwa subira ya mtu aliyezoea kufundisha, kwa lafudhi ya Kinyiha ambayo miaka ya Zambia haikuifuta. Alisema kuna vitu vidogo kiasi kwamba hata mwanga wenyewe ni mnene mno kuvionyesha. Kwa hiyo mashine inatumia sindano yenye ncha nyembamba sana, iliyo mwishoni mwa kijimkono kinachopinda kwa kuguswa kidogo tu. Ncha inapita juu ya kitu, mstari baada ya mstari. Penye kilima mkono unapanda, penye shimo unashuka. Mwanga mwekundu unapigwa mgongoni mwa mkono na kurudi, na kompyuta inafuata mwanga ule na kuchora ramani. Dhahabu ni ya kuurudisha mwanga tu, kama kioo.

"Baba yangu huko Isansa," alimalizia, "anatia mkono kwenye gunia la kahawa ya maganda na kukwambia kama imekauka, bila kuangalia. Ni hivyo hivyo."

"Baba yako hajapakwa dhahabu," afisa alisema. "Karatasi inasema dhahabu, na mimi sikuiandika." Akanitazama. "Kesho atakuja mthamini wa madini."

Hapo ndipo nilipoona uso wa yule dada ukibadilika. Tulipotoka nje alinieleza. Alikuwa anafundisha chuo ng'ambo na kumalizia shahada ya udaktari. Alichunguza kutu ya majani, ule ugonjwa unaoacha vumbi la rangi ya chungwa chini ya majani ya kahawa. Alitaka kujua chembe za kuvu zinalishika jani kwa upande gani na kwa nguvu kiasi gani, kwenye mibuni ya zamani na kwenye aina mbili mpya. Chembe zinatakiwa zikiwa hai, juu ya jani lililokatwa siku hiyo hiyo. Baba yake alikuwa amemwachia mibuni ishirini bila kuipiga dawa, na kutu ilikuwa inaimaliza. Majirani walikuwa wanalalamika kwamba inahamia kwao. Mzee aliahidi kusubiri hadi Jumamosi saa nne asubuhi, basi.

"Nikikosa wiki hii nimekosa mwaka," alisema.

Nilimwamini nusu. Mtu mwenye haraka mpakani nimefundishwa kumwangalia mara mbili. Nikaandika kwenye daftari: anasema Jumamosi. Chini yake: kwa nini asichukue majani akavuka nayo? Nilimuuliza. Akasema majani yenye ugonjwa hayavushwi mpaka, na mimi kama wakala nilitakiwa kulijua hilo. Alikuwa sahihi, nikaona aibu, na kwa sababu ya aibu nikamshuku zaidi.

Kibweta cha sindano, cha plastiki, chenye ukubwa wa kiberiti na kifuniko kinachoonyesha ndani, nilikabidhiwa mimi nikifungie kwenye kabati la ofisi hadi kesho yake.

Jumanne mthamini alikuja na mzani wake, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yule dada alikataa sindano zitolewe. Zilikuwa zimelala juu ya utando unaonata, kumi, kila moja kijipande cheusi kisichofika punje ya mchele. Alitoa kibweta kingine kama kile, kitupu. Mthamini akapima kile kitupu, akapima chenye sindano, akarudia.

"Sifuri," alisema.

"Nilikwambia, kaka. Ni rangi tu."

"Mimi si kaka yako, ni mthamini. Karatasi inasema dhahabu, mzani unasema hakuna. Basi imekwenda wapi?" Akamgeukia afisa. "Kimelala wapi hiki kibweta?"

"Kwa wakala."

Nimewahi kuandika habari za watu waliosimama pale nilipokuwa nimesimama, na sikumbuki hata mmoja niliyemwandika vizuri. Leseni yetu ingesimamishwa kwa jambo dogo kuliko lile. Nikaanza kujiuliza: je, kama yule dada ameniletea kibweta kitupu tangu mwanzo? Je, kama vijipande vile si chochote, na dhahabu halisi imepita njia nyingine huku sisi tukihangaika na takataka?

Afisa alimwomba alete barua ya chuo chake yenye mhuri. Akatoka kwenda kuichapisha. Nikabaki na wanaume wawili na mzani unaoonyesha sifuri.

Mbangala, mtu akitiliwa shaka kwamba amepunguza dhahabu, kuna namna yake. Hubishani. Unachukua karatasi nyeupe, unakigeuza kikopo juu yake mbele ya watu, unagonga kitako kwa ukucha mara tatu, kisha unafagia kwa unyoya wa kuku. Kilichomo kinaonekana, ubishi unaisha. Nimeona mjomba wangu akifanya hivyo tangu sijaanza shule. Mkono wangu ulifanya kabla ya kichwa kuamua. Nilifungua kibweta, nikakigeuza juu ya karatasi, nikagonga mara tatu.

Utando ulikuwa mzee, haukunata sana. Tisa zilidondoka. Moja ilibaki.

Mthamini aliinama na kioo chake cha mkononi, akakigeuza kipande kimoja kwa ncha ya kalamu. "Aa," alisema. "Kweli ni ya kupaka. Hii hata jino huwezi kuziba." Aliandika mstari mmoja, akatia saini, akafunga mzani wake. Kugonga kwangu kulisaidia. Nilizikusanya kwa ukingo wa karatasi nyingine, nikazirudisha kwenye utando, nikazipanga safu mbili. Mimi ni mtu wa mpangilio.

Yule dada aliporudi mthamini alikuwa ameshatoka, na afisa alikuwa anaongea na dereva mlangoni. Alifungua kibweta. Akatoa kioo chake cha kukuzia na kuangalia moja moja.

"Mikono mitano imekatika," alisema. "Nani amezigusa?"

"Zilidondoka wakati wa ukaguzi, dada."

Ndivyo nilivyosema, na ndivyo nilivyoandika. Hakuna neno la uongo ndani yake. Akatazama njia aliyoondokea mthamini, taya zimekaza.

Afisa aliruhusu mzigo kwa sharti. "Wakala, utakwenda naye. Nataka kujua kama hii mashine inafika Isansa na inafanya hicho wanachosema. Jumatatu uwe hapa na maelezo, na sindano kumi, nzima au mbovu."

Basi Jumatano nilipanda gari dogo la mizigo pamoja naye kama mlinzi, na nilijiona hivyo hivyo. Daftari langu la siku ile linanichekesha leo. Limeandika kwamba pale Vwawa aliongea na simu dakika sita akiwa ameshuka garini. Kwamba pale Mlowo alinunua betri nne na hakusema za nini. Kwamba dereva alipomuuliza habari za mashine alimjibu kwa Kinyiha. Zile betri zilikuwa za redio ya baba yake. Simu ilikuwa ya baba yake pia, akiambiwa asiguse bomba la dawa.

Mzee alitupokea uani. Alinisalimia vizuri, akaniuliza natoka ukoo gani, kisha akaniuliza tena kwa namna nyingine kama mtu anayekagua. Shambani sikuhitaji kuonyeshwa ile mibuni ishirini. Ilikuwa kama imemwagiwa bizari kwa chini, na majani yalikuwa yamelala ardhini wakati safu za jirani bado ni kijani.

"Jirani wa juu amekuja mara mbili," mzee alimwambia binti yake. "Mara ya pili hakunywa hata chai."

"Jumamosi, baba."

"Jumamosi saa nne. Nimempa neno."

Yule dada alichagua chumba cha nyuma kinachowekwa magunia. Kisha akaomba mpira wa ndani wa tairi la pikipiki na jiwe bapa la kukanyagia la mlangoni. Alikata mpira mikanda minne, akaifunga kwenye boriti ya paa, akaning'iniza jiwe, akaiweka mashine juu yake. Nilisimama mlangoni nikitazama mashine iliyotusumbua forodhani siku mbili ikibembea kwenye mpira wa kufungia mizigo, na shaka zangu zote zikarudi.

"Dada, hii ndiyo sayansi?"

"Ardhi inatikisika."

"Mimi sisikii."

"Wewe siyo sindano. Mashine ya kusagia ya pale njiani ikiwaka, hapa ndani inakuwa kama tetemeko."

Ilikuwa kweli. Alhamisi picha ya kwanza ilitoka na mawimbi kama mabati, hadi mashine ya kusagia iliposimama kwa chakula cha mchana. Hapo ramani ikaanza kujichora taratibu, kutoka juu kwenda chini. Mzee aliingia amevua kofia.

"Ndicho kinachokula kahawa yangu?"

"Ndicho, baba. Hapa ni kipande kidogo tu cha ganda la chembe moja."

"Kina miiba."

"Upande mmoja. Mwingine ni laini. Nataka kujua kinashika kwa upi."

"Mimi ningekwambia kinashika kwa pande zote," mzee alisema, akatoka.

Yule dada alifanya kazi Alhamisi yote na Ijumaa asubuhi. Ile sindano moja iliyobaki kwenye utando Jumanne, aliyoitambua kwa kuwa haikuhama mahali pake, hakuigusa. Aliitunza mwisho, akaanza na zile nne zilizodondoka bila kukatika mikono. Kwa kioo cha mkononi zilionekana nzima. Ncha yenyewe, alinieleza, hakuna kioo cha mkononi kinachoweza kuionyesha. Picha zilikuja nzuri, moja baada ya nyingine, na yeye akaanza kuimba kidogo kwa mdomo uliofungwa.

Kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo, na maelezo yangu huwa na michoro. Nilichora kila picha kwa penseli, nikiandika chini yake aina ya mbuni na saa. Ijumaa mchana, kwenye mchoro wa saba, niligundua kwamba sikuwa natazama tena skrini. Mkono ulikuwa unachora wenyewe. Kila mwiba ulikuwa na mwenzake mdogo upande wa kushoto, kwa umbali ule ule. Mbuni wa zamani, mwenzake kushoto. Aina mpya, mwenzake kushoto. Asubuhi alipobadilisha sindano yule mdogo alisogea chini kidogo, na tangu hapo kila mwiba wa kila jani ulikuwa naye chini kidogo.

Nilipokuwa redioni nilijifunza jambo moja kuhusu mashahidi wa ajali. Watatu wakikusimulia kwa maneno yale yale, wameshakutana.

"Dada," nilisema, "hizi chembe mbona zinafanana hivi?"

"Ni kuvu moja, kaka."

"Hata ndugu wa tumbo moja hawafanani hivi. Kila mwiba una pacha, na pacha amekaa upande uleule."

"Umekuwa mtaalamu wa kuvu siku hizi?"

"Hapana. Ila ningekuwa mimi, ningemhoji shahidi kutoka upande mwingine. Ligeuze jani. Kama pacha ni wa kuvu, atageuka nalo."

Nadhani alishajua la kufanya na hakutaka kulifanya. Kisha aliinua sindano, akaligeuza jani robo ya mzunguko, akaishusha tena. Tulisubiri. Ramani ilishuka mstari kwa mstari. Miiba ilikuwa imegeuka, safu iliyokuwa imesimama sasa imelala. Pacha walikuwa palepale, kushoto, chini kidogo.

Akaondoa mkono kwenye kompyuta.

Mzee, aliyekuwa mlangoni, aliuliza kuna nini.

"Sindano ina ncha mbili, baba. Imevunjika, ina kijincha cha pembeni, inagusa mara mbili. Siku mbili hizi nimekuwa nikiichora sindano." Akanigeukia. "Yule mthamini. Nitaandika barua. Alizishikaje? Nilidhani zimelegea tu ndani ya kibweta zikaangukia mgongo."

Ningeweza kunyamaza. Barua ingekwenda, mthamini angekana, afisa angesema alikuwa mlangoni. Nimeona mambo mengi yakiishia hivyo.

"Hakuzishika yeye," nilisema. "Nilizimwaga mimi. Juu ya karatasi. Niligonga mara tatu."

"Uligonga."

"Kwetu ndivyo tunavyofanya mtu akishukiwa. Na nilikushuku wewe pia."

Nilitegemea anipigie kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida: "Ungeniambia Jumanne, ningeanza na ile moja. Nisingeziamini hizi hata dakika. Kuvunjika kunatokea, kaka. Umenipotezea siku mbili kwa kunyamaza."

Mzee alitoka nje. Tulimwona kupitia dirisha akienda hadi mpaka wa shamba, akasimama, akarudi. Aliongea na binti yake bila kunitazama.

"Naweza kwenda kumwomba jirani mpaka Jumatatu."

Yule dada aliangalia ile mibuni ishirini. Upepo kidogo ulikuwa unapita, na hata kutoka pale dirishani ungeweza kuona vumbi la chungwa likitoka kwenye majani na kuelekea juu kwa jirani.

"Hapana, baba. Ulimpa neno."

Jumamosi alianza kulipopambazuka, kabla mashine ya kusagia haijawaka, na ile sindano moja, maana zile nne alizijaribu zote usiku na zote zilichora pacha. Aina mbili mpya aliziacha. Alichagua mbuni mmoja wa zamani, ule wa pembeni karibu na bafu, na alikata majani yake mwenyewe. Kila picha aliipiga mara mbili, jani likiwa hivi na jani likiwa limegeuzwa, na safari hii miiba iligeuka yote, bila pacha. Hakuimba. Mimi nilichora na kuandika saa. Hakuniambia nitoke wala nibaki.

Alipata upande wa miiba kwenye majani matatu. Kwenye upande laini alikuwa ameanza jani la kwanza, na namba za nguvu ya kunata zilikuwa zinapanda kuliko alivyotarajia, aliposikia bomba likipigwapigwa uani ili lijae upepo. Ilikuwa saa nne kasoro dakika chache. Mzee alikuwa amesimama amelibeba mgongoni, dawa ya bluu ikionekana kupitia plastiki, na hakuita.

Nilimaliza maelezo ya afisa pale pale juu ya gunia. Mashine imefika Isansa na inafanya kazi iliyotajwa. Sindano kumi: tano zimekatika mikono, nne zina ncha mbovu, moja nzima. Nilikata ule mstari wa Jumanne na kuandika kwamba wakala alizimwaga kwa mkono wake, nikaweka saini pembeni ya nilipokata. Nilimpa asome. Alisoma hadi mwisho, akanirudishia.

Kisha aliinua sindano kutoka kwenye jani, akaifunika mashine kwa kitenge, akatoka kwenda uani.

"Nianzie wapi?" mzee aliuliza. "Ule wako niuache mwisho?"

"Anza nao huo huo, baba."

Yule dada alikwenda hadi kwenye mbuni wa karibu na bafu, akashika tawi la chini kwa mikono miwili na kulipindua, ili dawa ifike chini ya majani.